Wote Wameelewa

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa na mwanga wa jua ukiwa bado mlangoni, Sindano alikuwa na kazi moja ambayo hakumruhusu mtu mwingine aiguse: kupiga mistari kwenye daftari la dada yake. Lilikuwa daftari nene lenye jalada gumu, na kila ukurasa ulitakiwa kuwa na safu sita zilizonyooka. Sindano aliegemeza rula, akatoa ulimi nje kidogo, akavuta kalamu polepole. Mstari ukipinda, alijikasirikia mpaka wakati wa kulala.

Jina lake halisi lilikuwa jingine. Alikuwa mtoto wa fundi cherehani, tena mwembamba tangu kuzaliwa, kwa hiyo majirani hawakusumbuka kufikiri sana. Alikuwa na miaka kumi na miwili na alisoma darasa la sita. Dada yake alikuwa anasomea ualimu, na wakati huu alikuwa kwenye mafunzo ya vitendo, yaani wiki kumi na mbili za kufundisha watoto wa kweli darasani. Shule aliyopangiwa ikawa ileile ya Sindano, darasa likawa lilelile, na somo likawa hisabati. "Mungu naye ana utani," Mama alisema siku barua ilipofika. "Huyu mtoto na hisabati hawajawahi kusalimiana."

Daftari lile liliitwa andalio la somo. Dada hakuruhusiwa kuingia darasani kabla ya kuandika humo atafundisha nini, kwa njia gani na kwa vifaa gani. Safu ya sita, ya mwisho kabisa, ilijazwa kipindi kikishakwisha. Hapo aliandika wanafunzi wangapi wameelewa, wangapi hawajaelewa, na kwa nini.

Wiki za mwanzo nyumba nzima ilifundishwa. Dada alikata maboksi akatengeneza nusu na robo na theluthi, akazipaka rangi, akazianika dirishani. Alisimama mbele ya kabati la kioo akajiuliza maswali, na Mama akamjibu kutoka kwenye cherehani, "Nane, mwalimu," bila kuinua macho. Darasani Dada aliingia ametabasamu, na watoto sitini na wanane wakanyamaza wenyewe. Madaftari yote aliyasahihisha. Mtu akikosa, hakupata alama ya mkasi peke yake, aliandikiwa na maneno mawili matatu ya kumtia moyo. Sindano alitembea shuleni kifua mbele siku zile. Alikwisha kuwatangazia wenzake kwamba na yeye akikua atakuwa mwalimu, tena wa hisabati, na hakuna aliyemcheka sana.

Sasa ilikuwa wiki ya kumi na moja.

Dada alirudi nyumbani akavua viatu mlangoni, akajilaza kwenye mkeka na nguo zake za kazini. Miguu ilikuwa imevimba. Sauti ilikuwa imemkauka, amebakiwa na mkwaruzo. Mwalimu mmoja alikuwa mgonjwa, na vipindi vyake vyote alipewa yeye, maana mwalimu wa mazoezi hana pa kukatalia. Madaftari ya wanafunzi yalirundikana kwenye kona hata Mama akayazuia kwa kiti yasije yakamwangukia mtu. Kwenye kalenda ya ukutani Dada alikata siku kwa kalamu nyekundu, na siku hizi alizikata asubuhi, kabla hazijaanza.

"Siku tisa," alisema akiwa amefumba macho. "Zikiisha hizo, mtu asinitajie tena neno shule."

Sindano aliyasikia maneno hayo. Alimpikia dada yake chai, ikapoa bila kunywewa. Alimkanda miguu, Dada akalala katikati ya kukandwa. Alijaribu hata kusahihisha madaftari mawili, lakini kwa kuwa majibu sahihi hakuyajua, alimpa vema kila mtu, na Dada ilibidi ayarudie yote mawili. Hakujua afanye nini tena. Mtu mkubwa akichoka, mtoto ana nini cha kumpa?

Jumatatu ile alifungua daftari apige mistari kama kawaida, akakuta hakuna kazi. Dada alikuwa ameshaipiga mwenyewe, harakaharaka, imepinda kama njia ya mbuzi. Tena kurasa zilikuwa zimejaa. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, na wiki nzima iliyofuata. Sindano aliteremsha kidole mpaka safu ya sita. Jumanne: Wote wameelewa. Jumatano: Wote wameelewa. Alhamisi, ambayo ilikuwa bado siku tatu mbele: Wote wameelewa somo vizuri.

"Dada," aliita taratibu. "Mbona umeandika tumeelewa? Alhamisi bado."

"Kwani mtakuwa hamjaelewa?"

"Sijui."

"Mimi nafundisha, mwisho nauliza, 'Mmeelewa?' Nyinyi mnajibu nini?"

"Ndiyo."

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Basi. Nimewapunguzia kusubiri." Dada aligeukia ukutani. "Siku ile nilipofundisha na maboksi yangu mlisema ndiyo. Siku nilipoingia mikono mitupu, homa imenipanda, mkasema ndiyo. Ningefundisha ukuta ule pale na wenyewe ungesema ndiyo. Acha nipumzike, mdogo wangu."

Sindano alilifunga daftari. Ilikuwa kweli tupu. Kila kipindi kilipokaribia mwisho, Dada aliuliza, na kiranja wao, waliyemwita Redio kwa sababu alikuwa hazimwi, alianzisha "Ndiyooo" ndefu, na darasa zima likaidaka. Aliyesema hapana alikuwa adui, maana kengele ya mapumziko ilikuwa karibu na hakuna aliyetaka kubakizwa. Sindano alikuwa na sababu nyingine juu ya hiyo. Alikuwa anamwonea huruma dada yake. Tangu wiki iliyopita, walipoanza kugawanya kwa sehemu, hakuwa ameambulia kitu, na kila siku alijiambia kwamba akisema hapana atakuwa amemwongezea mzigo mtu aliyekwisha kulemewa. Kwa hiyo alisema ndiyo, tena kwa sauti kubwa kuliko wengine.

Alijaribu kumwambia Mama. "Dada anaandika tumeelewa kabla hajatufundisha," alisema. Mama alikuwa na pini nne mdomoni na gauni la mteja la kumalizia. "Mwache mwenzio," alisema kupitia pembe ya mdomo. "Amechoka taabani. Zimebaki siku chache."

Jumatano alijaribu kwa mwalimu mlezi. Huyo alikuwa mwalimu wa hisabati wa siku nyingi, aliyepewa jukumu la kumwangalia Dada wakati wa mafunzo. Miwani yake ilikuwa imevunjika mkono mmoja akaufunga kwa uzi, na watoto wakamwita Mwalimu Uzi, asipokuwepo. Sindano alimfuata mpaka mlango wa ofisi ya walimu.

"Ndiyo, mwanangu?"

Maneno yote aliyoyapanga njiani yakapotea. Angeanza vipi? Kumshtaki dada yake wa tumbo moja? "Shikamoo, mwalimu," alisema.

"Marahaba. Ulinisalimia asubuhi."

"Nilisahau," Sindano alijibu, akaondoka mbio. Siku hiyo nzima alijiona bure kabisa.

Alhamisi, kipindi cha tatu, mlango ulifunguliwa na Mwalimu Uzi akaingia na mama mmoja mwenye suti ya kijivu na mkoba kwapani. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Alikuwa mkufunzi kutoka chuoni, amekuja kumpima Dada kwa mara ya mwisho, siku moja kabla ya siku aliyotarajiwa. Nyumbani walikuwa wameizungumza siku hiyo mara nyingi. Dada akifaulu, amemaliza, ni mwalimu. Akishindwa, anarudia mwaka mzima.

"Endelea tu, mwalimu, kama vile sisi hatupo," mkufunzi alisema kwa upole. "Naomba andalio lako."

Dada alilichukua daftari mezani akampa kwa mikono miwili. Mkono ulipoliachia, Sindano, aliyekaa dawati la pili, aliona uso wa dada yake ukibadilika. Alikuwa amekumbuka. Mkufunzi alikwenda kukaa nyuma kabisa, akalifungua daftari mapajani, akaanza kusoma.

Kwa dakika thelathini Dada alifundisha na sauti yake ya kukwaruza. Aliandika ubaoni: tatu gawanya kwa nusu. Akasema sehemu ya pili inageuzwa juu chini, kisha unazidisha. Jibu sita. Akaandika nyingine na nyingine. Sindano alinakili zote na hakuelewa hata moja. Kugawanya anavyojua yeye ni kupunguza. Ukigawa, unabaki na kidogo. Iweje mtu awe na tatu, azigawanye, atoke na sita? Na kwa nini igeuzwe ya pili na siyo ya kwanza? Zamu hii alikuwa na hofu mbili. Aliogopa ile hesabu, na aliogopa ukurasa uliokuwa mapajani mwa yule mama.

Alitazama saa ya ukutani. Dakika tano zilibaki.

"Mmeelewa?" Dada aliuliza.

Redio alivuta pumzi, na darasa zima likamfuata. "Ndiyooo."

"Kuna ambaye hajaelewa?"

Hilo nalo lilikuwa swali la desturi, halikuwahi kujibiwa. Dada alipitisha macho darasani, macho yaliyochoka, yasiyotarajia kitu kutoka kwa yeyote. Sindano aliyaona, akamwonea dada yake uchungu kuliko siku zote. Dada alikuwa amesimama pale mbele peke yake, na watu sitini na wanane walikuwa wanamdanganya kwa heshima zote. Na yeye, aliyemkanda miguu, alikuwa mmoja wao. Akinyamaza, huenda yale maneno ya kwenye daftari yakapita. Akisema, yatakuwa uongo mbele ya mkufunzi, na dada yake atarudia mwaka kwa sababu yake. Hakuna njia iliyokuwa nzuri. Alitamani kengele ilie imwokoe, haikulia.

Alisimama.

"Mwalimu, mimi sijaelewa."

Darasa liligeuka lote kumtazama. Redio alimkodolea macho. Dada alibaki ameshika chaki, midomo imeachana kidogo. Sindano alitamani ardhi ipasuke.

"Tangu lini?" Dada aliuliza.

"Tangu wiki iliyopita."

"Na ulikuwa unasema ndiyo?"

"Nilikuwa nasema ndiyo."

Dada alivuta pumzi. "Nani mwingine?" Sauti haikuwa ya hasira. "Semeni tu. Sitamchapa mtu na sitambakiza mtu."

Mkono mmoja ulinyooka karibu na dirisha. Mwingine nyuma yake. Kisha ikawa kama mvua inapoanza juu ya bati, moja hapa, mbili pale, na ghafla kila mahali. Mkono wa Redio ulitoka wa mwisho, umekunjwa nusu, unaona haya. Dada alihesabu kwa midomo. Walikuwa hamsini na watatu.

Sindano alifikiri dada yake atalia. Badala yake Dada aliweka chaki chini, akajipangusa mikono, akaomba karatasi tatu kutoka daftari la Redio.

"Hizi ngapi?"

"Tatu."

"Sasa nauliza hivi. Nusu ngapi zimo ndani ya hizi tatu? Usikokotoe. Hesabu kwa macho." Alichana karatasi ya kwanza katikati, akampa Sindano kipande kimoja na jirani yake kingine. Akachana ya pili. Akachana ya tatu. "Wenye vipande simameni. Jihesabuni."

Walisimama. Walikuwa sita.

Sindano aliangalia kipande chake, akawaangalia wenzake watano. Kumbe hakuna aliyeongeza kitu. Karatasi zilikuwa zilezile, ila vipande vilikuwa vidogo, ndiyo maana vikawa vingi. "Kwa hiyo tunauliza zimo ngapi," alisema polepole. "Hatupunguzi."

"Rudia, wa nyuma wasikie."

Alirudia. Kengele ililia katikati ya maneno yake, na hakuna aliyekimbilia mlango. Dada aliendelea kuchana karatasi, robo sasa, mpaka daftari la Redio likapungua unene na Redio mwenyewe akaomba aachiwe jalada.

Watoto walipotoka, Sindano aligeuka mlangoni. Alimwona dada yake akitembea hadi nyuma ya darasa. "Mkufunzi," alimsikia akisema, "kabla hujaniuliza. Hiyo safu ya sita niliijaza Jumatatu. Ya leo, na zote mpaka wiki ijayo. Nilichoka." Mwalimu Uzi aliufunga mlango, na Sindano hakusikia zaidi.

Alikaa kibarazani kipindi chote cha mapumziko. Kupitia dirishani aliona kichwa cha dada yake kimeinama, na mkono wa mkufunzi ukifunua kurasa moja baada ya nyingine. Wenzake walimwita wacheze. Hakwenda. Alijuta, kisha akajuta kwa kujuta, na mwisho hakujua hata anachokijutia.

Walifika nusu ya safari ya kurudi nyumbani.

"Umekasirika?" Sindano aliuliza.

"Nimekasirika," Dada alisema. "Uliposimama darasani nilitamani ukae. Nisikufiche." Alihamisha mkoba bega la pili. "Kwenye maandalio nimepewa sifuri. Atarudi Alhamisi ijayo kunipima upya. Kurasa zote za uongo nimeambiwa nizipige mstari na niandike pembeni kwamba hazikufundishwa, nitie na sahihi yangu."

"Na ukishindwa tena?"

Dada alimpa mkoba amshikie, wakaendelea kutembea.

Nyumbani Mama aliambiwa yote. Aliwasikiliza wote wawili, akatoa pini mdomoni, akaziweka mezani moja moja. "Na mimi niliambiwa nikasema mwache," alisema. "Basi kosa tumegawana. Mimi nikikosea mshono nafumua, na sijawahi kufa kwa kufumua. Lete hilo daftari tuone pa kuanzia."

Wiki ile ya mwisho haikuwa nyepesi. Miguu ya Dada iliendelea kuvimba na sauti haikurudi. Rundo la kwenye kona lilipungua kidogo tu. Lakini hakukata siku kwenye kalenda. Kila kipindi kilipoisha aliwagawia watoto vipande vya karatasi, kila mmoja akatatua hesabu moja bila kuandika jina, na Dada akarudi navyo nyumbani kuvihesabu. "Leo thelathini wamepata," alimwambia Sindano Jumatatu, akiwa amejilaza lakini macho wazi. "Wiki iliyopita walikuwa wanasema ndiyo sitini na wanane, na leo nina watu thelathini. Ajabu ni kwamba hawa thelathini wananipa nguvu zaidi."

Alhamisi mkufunzi alirudi, akakaa palepale nyuma, akaandika sana, akaondoka bila kutaja alama. Dada alilala na wasiwasi wake, na Sindano alilala na wa kwake.

Ijumaa, siku ya mwisho kabisa, Mwalimu Uzi aliingia darasani kipindi kikiwa kimemalizika. Alikuwa ameshika daftari lenye jalada gumu.

"Mwalimu wenu amefaulu," alisema. Akangoja kelele zipungue. "Hakufaulu kwa alama za juu. Ile sifuri imemshusha, na ni haki yake. Ila amefaulu."

Kisha alirekebisha miwani yake, akafungua ukurasa wa jana yake.

"Nawasomea safu ya sita. 'Arobaini na tisa wameelewa. Kumi na tisa bado wanachanganya sehemu ya kugeuza.' Nimefundisha miaka ishirini na sita, na madaftari mengi niliyosoma yanasema wote wameelewa. Nikisoma hivyo sina cha kufanya. Nikisoma hivi, najua Jumatatu naanzia wapi." Alilifunga. "Watoto wangu, kila kazi huwa tamu mwanzoni. Mwishoni mtu huchoka, na akichoka hutamani kuandika kwamba imekwisha kabla haijaisha. Mwalimu wenu alifanya hivyo. Na nyinyi mlimsaidia kufanya hivyo, kila mlipomwambia ndiyo huku hamjui. Kuchoka si dhambi. Ukichoka, sema umechoka. Usipoelewa, sema hujaelewa. Hapo ndipo mtu mwingine anapata pa kukushika mkono. Ukificha, hata anayekupenda atakaa pembeni anakutazama tu, hana la kukufanyia."

Dada alikuwa amesimama dirishani, anajifuta macho kwa mkono wenye vumbi la chaki.

"Haya," Mwalimu Uzi alisema. "Wale kumi na tisa wangu wa Jumatatu, nawaomba mikono."

Mikono ilinyooka, mmoja mmoja, bila kujificha. Redio alinyoosha wa kwake juu kabisa. Dada aligeuka kutoka dirishani, akamtafuta Sindano kwa macho kwenye dawati la pili.

Sindano alikuwa ametulia, mikono yote miwili juu ya dawati. Yeye alikuwa ameelewa.